Canon 1200D ya zamani au SX70 ya zumu ndefu? Anza na mwanga utakaopigia

"Shikamoo mwalimu. Namalizia kozi ya kuongoza watalii hapa Arusha na nataka kununua kamera yangu ya kwanza. Nimepata mbili, zote za mkononi. Ya kwanza ni Canon EOS 1200D na lenzi yake ya 18-55, mwenyewe anataka laki nne na nusu. Ya pili ni Canon PowerShot SX70 HS, haijatumika sana, laki tisa. Nina laki tisa na nusu tu, na mwaka huu sitapata nyingine. Napenda sana ndege, nataka niwapige Manyara na kwenye maziwa ya Momela, nijifunze kuwatambua na niwaonyeshe wageni. Lakini ndugu nao wameshasikia, tayari nina sendofu mbili na kipaimara kimoja, na watanilipa kidogo. Rafiki yangu mmoja anasema 1200D ni ya 2014, imepitwa, na SX70 ina zumu mara 65 na megapikseli nyingi zaidi. Mwingine anasema DSLR ni DSLR, hizo nyingine ni za watalii. Nimechanganyikiwa, nisaidie."

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu kamera mbili, lakini nikilisoma swali lako naona kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ndege aliyetua mbali, nje, mchana. Ya pili ni bibi harusi aliye hatua tatu mbele yako, ndani ya ukumbi, usiku. Hofu yako ni kutoa akiba ya mwaka mzima kisha ugundue kamera uliyoichukua inashindwa moja ya kazi hizo. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu kila moja kati ya hizi mbili kuna mahali inaposhindwa. Tuone ni wapi, na kwa nini.

Kwanza tuyasafishe maneno ya rafiki zako, maana kila mmoja ameshika kipande.

Zumu mara 65 haina maana kwamba ndege atasogea mara 65. Hesabu hiyo inalinganisha mwisho wa lenzi na mwanzo wake. Kwa kipimo cha filamu ya zamani ya milimita 35, ambacho wapiga picha bado tunakitumia ili kulinganisha kamera, lenzi ya SX70 inaanza milimita 21 na kuishia 1365. Gawanya, utapata 65. Lakini milimita 21 ni pana sana, inaingiza mengi kuliko mtazamo wa kawaida wa jicho. Ukianzia milimita 50, ambayo inakaribia mtazamo wa kawaida wa jicho, mwisho wa SX70 unamsogeza ndege kama mara 27. Bado ni nyingi mno! Lenzi ya 18-55 ya ile 1200D, kwa kipimo hichohicho, inaishia kama milimita 88. Ukisimama nayo ukingoni mwa Momela, heroe watakuwa mstari wa waridi juu ya maji, na furukombe aliye juu ya mti utamjua kwa sababu unajua yupo.

Kwa hiyo huyo anayesema "DSLR ni DSLR" hakukusaidia. Jina hilo linaeleza kioo kilichomo ndani ya kamera kinachopeleka picha kwenye jicho lako. Halisemi chochote kuhusu umbali. DSLR yenye lenzi fupi ni kamera fupi.

Megapikseli nazo ziweke kando. 1200D ina 18, SX70 ina 20.3. Ukifungua picha za kamera hizi kwenye kompyuta utakuta zote zina upana wa nukta (pikseli) 5184, sawasawa kabisa. Zile mbili na ushee za ziada zimetokana na picha ya SX70 kuwa ndefu zaidi kwenda juu. Hapo hakuna cha kulipia.

Na umri? 1200D ilitoka 2014, SX70 ilitoka 2018. Miaka hiyo minne imeleta vitu vya kweli: video ya 4K badala ya HD ya kawaida, Wi-Fi ya kutuma picha kwenye simu (1200D haina kabisa, utahitaji kisomea kadi), na picha 10 kwa sekunde badala ya 3. Ndege anaporuka, hizo 10 zina thamani. Lakini kuna jambo ambalo miaka haikulibadilisha, na ndilo litakaloamua sendofu zako.

Nyuma ya lenzi kuna kihisi, bamba dogo linalopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Cha 1200D kina milimita 22.3 kwa 14.9. Cha SX70 kina kama milimita 6.2 kwa 4.6, kasoro ya ukucha wa kidole chako kidogo. Kwa eneo, kikubwa kinakizidi kidogo karibu mara 12. Mvua ileile ikinyesha, sinia na kisosi havikingi maji sawa. Mwanga nao huanguka kama mvua, matone hayapangwi kwa mstari. Yakiwa machache, baadhi ya nukta zinapata zaidi na nyingine zinakosa, na hapo ndipo inapotoka ile chengachenga unayoiona kwenye picha za usiku. Kamera mpya inaweza kuzifuta chenga hizo kwa programu, lakini inazifuta pamoja na nywele, kope na nyuzi za nguo.

Wengi huishia hapo: kihisi kikubwa kizuri, kidogo kibaya, nunua DSLR. Mimi nakuomba tuvuke hapo, kwa sababu kwa ndege wa mbali habari inageuka.

Kabla ya kufika kwenye kihisi, mwanga unapita kwenye tundu la lenzi, na upana wa tundu hilo unaweza kuupiga hesabu mwenyewe. Chukua milimita za lenzi zilizoandikwa mbele yake, zigawanye kwa namba ya f iliyoandikwa pamoja nazo. Kwenye SX70 utakuta pameandikwa 3.8 hadi 247, f/3.4 hadi 6.5. Hizo ndizo milimita halisi, 1365 ni za kulinganishia tu. Ikiwa imevutwa hadi mwisho, 247 gawa kwa 6.5, tundu lina milimita 38. Sasa chukua lenzi ambayo hukuitaja lakini nataka uijue, Canon EF-S 55-250. Inabana kwenye 1200D yako bila shida yoyote. Ikiwa mwisho wake, 250 gawa kwa 5.6, tundu lina milimita 44 na ushee.

Umeliona? Milimita 38 na milimita 44. Mwanga unaotoka kwa ndege yuleyule, juu ya tawi lilelile, unaingia kwenye kamera hizi mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Na kwa kuwa 247 na 250 ni kama kitu kimoja, taswira ya ndege inayoangukia kwenye kihisi ina ukubwa uleule kwa milimita. Tofauti ni kwamba kwenye SX70 ndege huyo anajaza bamba dogo, na kwenye 1200D anakaa katikati ya bamba kubwa akizungukwa na majani na anga. Ukiikata picha ya 1200D ubaki na ndege tu, umekaribia sana ilichofanya SX70.

Nimesema umekaribia. SX70 bado inashinda, kwa sababu nukta zake ni ndogo na zimesongamana, ndege anagawanywa kwenye nukta mara tatu na nusu zaidi kwa upana. Lakini ushindi huo haufiki mara tatu na nusu. Mwanga ukipita kwenye tundu hutawanyika kidogo, hivyo hata ncha kali kabisa ya unyoya inaangukia kwenye kihisi kama kiduara. Kwa f/6.5 kiduara hicho kina kama maikromita 9 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nukta moja ya SX70 ina maikromita 1.2 tu. Kiduara kimoja kinafunika upana wa nukta kama 7. Nukta zipo, lakini hazina kipya cha kusema, kila moja inarudia ya jirani yake. Ndiyo maana picha za kamera hizi zikitazamwa kwenye simu zinapendeza, ukizikuza kwenye kompyuta manyoya yanaanza kuonekana kama yamepakwa rangi kwa brashi.

Basi kwa ndege: jua likiwa limewaka, SX70 itakupa undani zaidi kuliko 1200D yenye 55-250, na itakupa kirahisi. Kwa jua kali, f/6.5 na ISO 100 (ISO ni namba ya usikivu wa kamera kwa mwanga, ikipanda chenga nazo huongezeka), unapata kasi ya kama 1/600 ya sekunde, ndege aliyetulia hatatikisika. Kazi ya kumtambua ndege au kumwonyesha mgeni kwenye skrini inaifanya vizuri sana, na siwezi kukudanganya kwamba DSLR kongwe inaizidi hapo. Lakini nawe unajua hifadhini ndege wanaamka lini. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, na saa moja na nusu ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote. Mwanga wa saa hiyo unaweza kuwa mara 30 chini ya ule wa mchana, na ISO ya SX70 inaishia 3200. Utakuwa ukingoni mwa uwezo wake wakati ambapo ndege ni wengi. Isitoshe, kufokasi kwake ikiwa imevutwa hadi mwisho kwenye giza la alfajiri kunasitasita, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, na ndege hasubiri. 1200D ina nukta 9 tu za kufokasi, kwa leo ni chache, ila ile ya katikati ukiitumia peke yake kupitia dirisha la jicho ni ya haraka na ya kuaminika.

Na jambo moja la Manyara ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia. Kuanzia kama saa nne asubuhi, ardhi ya kando ya ziwa inapopata moto, hewa inachemka. Heroe wa mbali wataonekana kama wanaogelea ndani ya maji yanayocheza. Hapo milimita 1365 zinakuza mtetemo wa hewa pamoja na ndege. Nimewahi kukaa pale asubuhi nzima na lenzi ya gharama kubwa ya kuazima, nikarudi na mamia ya picha ambazo hakuna hata moja yenye jicho kali. Hilo halitibiwi na kamera. Linatibiwa na kuwahi na kusogea.

Sasa twende ukumbini, na huku sina cha kupunguza. Rudia ile hesabu ya tundu. SX70 ikiwa pana, 3.8 gawa kwa 3.4: tundu lina milimita 1.1. Lenzi ya 18-55 ikiwa pana, 18 gawa kwa 3.5: milimita 5. Kwa kuwa mwanga unafuata eneo la tundu, hii ya pili inaingiza zaidi ya mara 10. Kule kwenye ndege kamera hizi zilikuwa karibu sawa, hapa zimeachana vibaya. Taa za ukumbi zenyewe ni hafifu, mara nyingi ni za rangi rangi, bibi harusi anaingia akicheza na watu hawatulii. SX70 itakupa ama mikono iliyochora moshi, ama nyuso zilizolainishwa mpaka hazina vinyweleo. Na kuna kasoro nyingine: SX70 haina kile kiatu cha juu cha kuvalia flashi ya nje, utabaki na flashi yake ndogo inayopiga mtu usoni. 1200D inacho. Flashi ya nje, hata ya bei ya chini, ukiielekeza kwenye dari jeupe mwanga unarudi laini kama wa dirishani. Nimewafundisha vijana wengi, na hakuna kifaa kinachobadilisha picha za sendofu kama hicho.

Kuna pia lenzi ya milimita 50 f/1.8. Ile ya 18-55 ukiivuta hadi hapo inakuwa kwenye f/5.6, hii inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kamera yako ni ya zamani, lakini mdomo wake unapokea lenzi zote za EF ambazo Canon imezitengeneza tangu 1987, na hata ukija kuhamia kamera za kisasa zisizo na kioo, lenzi hizo zinavaliwa kwa kiunganishi. Ukinunua SX70 umenunua kitu kimoja kilichokamilika: lenzi yake haitoki, na siku vumbi au anguko likiiharibu, gharama ya kubadilisha kifaa chote cha lenzi inaweza kukaribia bei uliyonunulia.

Ushauri wangu, kwa fedha yako na kazi zako: chukua 1200D kwa hiyo laki nne na nusu kama itapita majaribio nitakayokueleza, kisha laki tano inayobaki itafute 55-250 ya mkononi, na ikisalia chochote kiweke kwa ajili ya flashi. Sendofu ya kwanza itachangia 50 f/1.8. Nasema hivi kwa sababu una watu watatu wanaokulipa, na mtu aliyelipa hana sendofu ya pili ya kurudia picha. Ndege wa Momela watakuwepo Jumamosi ijayo.

Utapoteza kitu, nataka ukijue kabla ya kulipa. Ndege wadogo wa mbali watakuwa wadogo, itabidi ukate picha, na kwa video ya mnyama aliye mbali utamwonea wivu mwenzako mwenye SX70. Kama shughuli hizi ni za kuwaridhisha ndugu tu, na moyo wako wote uko kwenye ndege, basi badilisha: nunua SX70, waambie ndugu ukweli kwamba si kamera ya usiku, na usichukue fedha ya mtu kwa ukumbi. Vilevile kama ukipiga simu huku na kule ukakuta 55-250 haipatikani ndani ya laki tano, usijilazimishe, kwa sababu 1200D yenye 18-55 peke yake haitakupa ndege kabisa.

Kwenye kutafuta lenzi kuwa mwangalifu. Hakikisha herufi IS zimeandikwa kwenye 55-250, ndiyo inayotuliza mtikisiko wa mkono. Utaletewa nyingi za 75-300 III kwa bei ya kushawishi, na utaambiwa 300 ni zaidi ya 250. Haina kituliza mtikisiko, na ikivutwa hadi mwisho picha zake ni laini. Iache. Hata hiyo 18-55 itazame, maana zipo zenye IS na zisizo nayo.

Majaribio ya 1200D hayachukui robo saa, nenda mchana na kadi yako ya memori. Toa lenzi, washa tochi ya simu, uimulike kwa nyuma huku ukichungulia kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, unapatikana sana kwenye lenzi zilizokaa Tanga, Dar au Zanzibar bila kutunzwa, na utaendelea kukua. Rudisha lenzi, weka f/22, piga anga tupu au ukuta mweupe: madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Hayo yanasafishika, ila yanapunguza bei. Piga picha kumi mfululizo kwa kasi ya juu kabisa, 1/4000, na uzitazame zote, shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, ikichoka huacha kivuli upande mmoja. Idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga haiandikwi ndani ya faili la Canon kama ilivyo kwa Nikon, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha namba ya faili kama ushahidi, hiyo inaweza kuanzishwa upya wakati wowote. Betri nayo: ikiwa nzima inatoa kama picha 500, ikifa baada ya hamsini imezeeka.

Ukiona ukungu, kivuli cha shata, au kamera ikikupa ujumbe wa hitilafu unaojirudia, usikate shauri peke yako. Mpelekee fundi wa kamera aliye karibu nawe kabla hujatoa fedha, na muuzaji mkweli atakubali kufuatana nawe. Na siku yoyote kamera ikikusumbua, usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Ndani yake kuna kapasita ya flashi yenye umeme wa kutosha kukuumiza, hata kama betri imeshatolewa.

Kabla ya hayo yote, fanya kitu kimoja kisicho na gharama. Waombe hao wauzaji wawili uzijaribu kamera zao saa moja jioni, ndani ya nyumba, kwa taa ya kawaida, bila flashi, ukimpiga mtu anayetembea. Kisha kesho yake asubuhi umpige kunguru yeyote aliye juu ya nguzo. Nitumie hizo picha nne, ila kwenye WhatsApp zitume kama faili na si kama picha, kwa sababu zikitumwa kama picha zinabanwa na chenga zinapotea. Nitazikuza nikuoneshe moja moja ninachokiona.